Moduli (faili za programu) zinazoitana kwa mzunguko

SWALI: Mhariri, ninaandika programu ya seva kwa Node.js, mfumo wa kuendesha JavaScript nje ya kivinjari. Faili ya oda.js inaita wateja.js, nayo wateja.js inaita oda.js, nikiiendesha, naambiwa kwamba tafutaOda si fanksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina), ilhali ipo ndani ya oda.js. Kulikoni?
Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Ndugu msomaji, Node.js huanza kusoma oda.js, na kabla haijaimaliza hukutana na agizo la require linaloipeleka kwa wateja.js, ambayo ikiiomba oda.js hupewa module.exports (kifurushi cha vitu ambavyo faili hutoa kwa faili nyingine) jinsi ilivyo wakati huo, yaani tupu. Ukija kuiandika upya module.exports mwishoni mwa oda.js, wateja.js hubaki imeshikilia ile ya zamani. Kuhamishia require ndani ya fanksheni hutuliza tatizo, ingawa mimi siipendi njia hiyo. Afadhali uichomoe tafutaOda na kuiweka katika faili ya tatu, isiyoita yoyote kati ya hizo mbili.