Kabla Hujajaza Fomu ya Kusomea Fiziotherapia

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa binti aliyemaliza sekondari. Aliandika: "Dada, alama zangu zinaniruhusu kuomba udaktari, lakini moyo wangu uko kwenye fiziotherapia. Baba anasema nitakuwa nimepoteza akili zangu bure. Kama ungerudi nyuma, ungechagua tena?" Nikaanza kumjibu palepale kwenye simu, jibu likazidi kurefuka, nikaona niliweke hapa, maana najua hayuko peke yake.

Ndiyo, mdogo wangu. Ningechagua tena kazi hii ya kuwarudishia watu mwendo na nguvu za viungo kwa mazoezi na kwa mikono, na nisingesubiri kuulizwa mara mbili. Ila nataka uingie ukijua unaingia wapi.

Nianze na baba, kwa sababu maneno yake nayajua. Kwangu aliyeyasema alikuwa mjomba, tena mbele ya ukoo mzima: "Miaka yote hiyo chuoni, kumbe anasomea kuchua watu!" Watu wakacheka. Mama akainamisha kichwa. Nimepita mengi tangu siku ile, nimehudumia wagonjwa wengi, na bado nikikumbuka kicheko kile kifua kinanibana. Mjomba hajawahi kunitaka radhi, na ninyi mnaosoma hapa mkiwa na mjomba wa namna hiyo, msipange maisha yenu kwa kusubiri radhi yake.

Dharau hii ina umri mrefu kuliko sisi. Mwaka 1894 huko Uingereza manesi wanne walianzisha chama cha wanawake waliofunzwa kuchua kitabibu. Wakati huo madanguro mengi yalikuwa yakijificha nyuma ya vibao vya masaji, kashfa ikawa kubwa, na kila mwanamke aliyefanya kazi hiyo kwa heshima akawa anatazamwa kwa jicho baya. Wale manesi hawakukaa kulalamika. Waliweka mitihani, wakaweka masharti, likiwemo la kutomgusa mgonjwa bila maelekezo ya daktari. Mwaka 1920 chama chao kilipata hati ya kifalme. Katikati hapo ilikuwa imepita Vita Kuu ya Kwanza, na maelfu ya askari waliorudi wakiwa wamekatwa miguu au kupooza mikono walihitaji watu wa kuwarudisha kwenye maisha. Kisha yakaja milipuko ya polio, na watoto nao wakahitaji watu hao hao. Fani hii ilijengwa na watu waliodharauliwa wakaendelea na kazi. Mwambie baba hivyo.

Mimi nilivutwa na kiwiko cha kaka yangu. Alianguka kutoka juu ya mti, mkono ukavunjika, akafungwa plasta. Ilipotolewa, nyumbani tulidhani mambo yamekwisha. Kumbe mkono ulibaki umekunjika nusu. Hakuweza kuunyoosha, wala hakuweza kufikisha kijiko mdomoni. Jirani akashauri apelekwe kwa mtu wa kukanda na kuvuta kwa nguvu. Mama akakataa, akamrudisha hospitali, nami nikafuatana nao.

Mtaalamu tuliyemkuta alikuwa mama mmoja mpole. Alichukua goniomita, ambayo ni rula mbili zilizoshikana kwa pini kwenye duara lenye nyuzi, akaiweka kwenye kiwiko, akasoma, akaandika. Hakuvuta chochote. Alimwambia kaka aupeleke mkono mwenyewe mpaka pale unapokataa, atulie hapo, apumue, kisha apeleke tena. Kila tulipokwenda alipima upya. Siku nyingine nyuzi 5 zimeongezeka, siku nyingine hakuna hata moja, na siku ambayo hakuna aliandika vilevile bila kukunja uso. Mimi mtoto nilisimama pale nikitazama ile rula, nikasema moyoni kwamba kazi hii ndiyo nitakayoifanya. Baadaye sana, darasani, ndipo nilipojua kwa nini hakuvuta: kiwiko kilichoumia kikilazimishwa, mfupa unaweza kuota ndani ya misuli na kiungo kikafunga kabisa. Upole wake ulikuwa elimu.

Chuo sitakisimulia. Ni anatomia, fiziolojia, biomekanika, mitihani, mazoezi ya vitendo wodini, na usiku mwingi wa kukariri neva za mkono. Katika nchi nyingi ni shahada ya miaka 3 au 4. Marekani sasa wanadai udaktari wa fiziotherapia, ambao kwa kawaida huchukua miaka 3 baada ya shahada ya kwanza. Ukiwa na alama za udaktari utayamudu. Twende mbele.

Hospitali yangu ya kwanza, ambayo sitaitaja, chumba chetu kilikuwa mwisho wa korido, jirani na stoo ya vitanda vibovu. Madaktari walikuwa wakiandika kwenye faili neno moja tu, "mazoezi", kana kwamba wanaagiza dawa ya minyoo. Siku moja nikaenda kumsimamisha mama aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Ndugu zake wakaniomba nimchue mguu kwanza, kwa sababu usiku haukumpa usingizi. Nikafunua shuka. Shavu la mguu ule lilikuwa limevimba kuliko la pili, ngozi inang'aa. Nikaweka mgongo wa kiganja: moto. Nikabonyeza taratibu, akashtuka.

Anayejua fani hii ameshaelewa. Damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu baada ya upasuaji kama ule, na bonge hilo likichomoka huenda hadi mapafuni na kuua. Mguu wa namna hiyo hauchuliwi. Nikawaambia ndugu kwamba sitaugusa, nikaenda kumtafuta daktari mkubwa aliyekuwa kwenye mzunguko wa wodi. Alinisikiliza nusu, akasema kwa sauti ya kusikika kitanda cha jirani: "Wewe nyoosha mguu. Kufikiri niachie mimi."

Sikunyoosha. Niliandika kwenye faili nilichokiona, saa niliyokiona na sababu ya kutofanya mazoezi, nikatia saini. Daktari wa zamu alisoma maandishi yale mchana, akaagiza kipimo cha mishipa, bonge likaonekana, mama akaanzishiwa dawa ya kuzuia bonge lile lisikue. Alirudi nyumbani kwake akitembea kwa fremu. Hakuna aliyeniambia ahsante, na yule daktari mkubwa aliendelea kunipita koridoni bila salamu hadi nilipohama. Iliniuma, na siwezi kusema imeacha kuniuma. Lakini tangu siku ile hakuna mtu anayeweza kuniambia kwamba kazi yangu ni ya mikono tu.

Kwa hiyo binti, ushauri wa kwanza: usije huku kukimbia kusoma. Akili zako hazitapotea, zitatumika kila siku. Utamgusa mtu analalamika mgongo, na ni wewe utakayepaswa kutambua kwamba huyu mgongo wake ni wa kawaida, atembee na aache kulala kitandani kutwa, ilhali yule aliyeanza kufa ganzi sehemu za siri na kushindwa kuzuia mkojo anatakiwa kupelekwa kwa daktari wa upasuaji leo hii, isingoje kesho.

Ushauri wa pili ndio mkubwa, na nitaurudia hata ukichoka kuusikia. Jiulize kama unaweza kupenda mwendo wa polepole. Vijana wengi wanaoniandikia wanataka fani hii kwa sababu ya mpira: wamemwona mtu akikimbia uwanjani na mkoba, mchezaji akainuka, uwanja ukashangilia. Hicho ni kipande kidogo mno. Mchezaji huyo huyo akichanika ligamenti ya mbele ya goti, yaani ukano unaoshikanisha mifupa, na kufanyiwa upasuaji, utakuwa naye kwa takriban miezi 9 au zaidi kabla hajaruhusiwa kurudi kwenye mechi, na muda mwingi wa miezi hiyo ni chumba chenye watu wawili na goti moja. Hakuna anayeshangilia.

Nilikuwa na fundi cherehani, mtu wa makamo, kiharusi kimempooza upande wa kulia. Nilipomkuta, ndugu zake walikuwa wakimwinua kwa kumvuta mkono uliopooza, kwa mapenzi kabisa. Misuli ya bega la aliyepooza haina nguvu ya kulishikilia. Ukilivuta, mfupa unashuka kutoka kwenye kikombe chake kidogo kidogo na maumivu yake hayasemeki. Niliwafundisha wote kumshika kiunoni na kwenye ubavu, hadi mtoto wao wa shule ya msingi. Kisha tukaanza na kusimama kutoka kwenye kiti. Ni hicho tu, wiki baada ya wiki. "Rudisha nyayo nyuma ya magoti. Inama mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Sasa sukuma sakafu." Kila mara aliogopa kuinama, akajisukuma nyuma, akarudi kitini. Nikawa nakaa mbele yake kwenye kigoda, nanyoosha kiganja changu usawa wa magoti yake, namwambia apeleke paji la uso kwenye kiganja. Siku alipofika, makalio yaliinuka yenyewe. Nilikuwa nimeshika mkanda wa kiunoni mwake kwa vidole viwili tu, na nilivisikia vimelegea. Alisimama akanitazama kwa hasira, akidhani nimemwinua mimi! Leo anashona tena, polepole, mkono wa kushoto ukiongoza kitambaa. Najivunia mtu yule. Sitasema kwa unyenyekevu wa bandia kwamba ni yeye tu, tulifanya wote.

Na wapo wasiofika huko. Mama mmoja alikuwa akimleta mwanawe mwenye mtindio wa ubongo. Mtoto mwenye hali hiyo anayeweza kukaa mwenyewe akiwa na miaka 2 huwa na matumaini mazuri ya kutembea. Huyu alikuwa ameshapita umri huo na shingo bado inaanguka. Kila ziara mama aliuliza, "Atatembea lini?" Kila ziara nilitakiwa kumjibu ukweli bila kumvunja. Tulifanyia kazi kukaa kwenye kiti chenye egemeo, kichwa kikae katikati, ili ale bila kupaliwa. Siku aliyokula bakuli zima bila kukohoa, mama alilia, nami nililia baada ya wao kuondoka. Hakutembea. Kama moyo wako utayaona haya kuwa ni kushindwa, basi nakusihi uchague kitu kingine, maana wagonjwa watakuona usoni umewakatia tamaa, na hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo katika kazi yetu.

Watu wengine watakuambia faida na hasara kwa mafungu. Pesa: mwanzoni ni za kawaida, zinakuja vizuri zaidi ukishabobea na wagonjwa wakakujua. Mwili: utasimama kutwa na kuinua watu wazito, hivyo mgongo wako uutunze kama unavyowafundisha wengine. Matawi ni mengi, kuliko watu wanavyodhani: watoto, wazee, wagonjwa wa mapafu walioko chumba cha mahututi, wanawake wanaovujwa na mkojo baada ya kujifungua na wanaona haya kusema. Hilo la mwisho lina uhitaji mkubwa na wanaolijua ni wachache. Lifikirie.

Wazazi, nanyi naomba mnisikilize. Mtoto akiwa na alama nzuri haina maana kwamba ana deni la kuwa daktari. Mnapomlazimisha mnaipa hospitali daktari asiyependa wagonjwa, na mnawanyima wagonjwa mtaalamu ambaye angekaa nao. Mnatafuta cheo cha kutaja kwenye sherehe. Sisi tunaofanya kazi hizi ndio tunaowapokea siku mnapoanguka bafuni, na siku hiyo hakuna anayeuliza kama tuliitwa daktari. Mheshimuni mtoto anayejua anachokitaka akiwa na umri huo. Wengi wetu hatukujua.

Vijana, acheni kuchagua fani kwa kusikia. Nendeni mkakae kwenye chumba cha mazoezi. Omba ruhusa kwa mkuu wa kitengo, vaa viatu vya chini, kaa pembeni, usimpige mtu picha. Kaa siku nzima, usiishie kwa mgonjwa mmoja tu. Angalia saa ya mchana, pale mtaalamu amechoka na mgonjwa wa mwisho hataki kusimama. Ukitoka hapo ukiwa unataka kurudi kesho, jaza fomu.

Na wewe binti, vyuo viwili ulivyonitajia: kabla ya kulipa ada yoyote, wasiliana na baraza linalosajili wataalamu wa afya nchini mwako, uliza kama kozi ya chuo husika inatambuliwa na kama wahitimu wake wanapewa leseni. Omba jibu la maandishi. Wapo waliomaliza wakakuta cheti chao hakiwaruhusu kumgusa mgonjwa. Siku ya kwenda kukaa kwenye chumba cha mazoezi, mwombe baba muende naye, kisha uniandikie amesema nini.