Breki kwanza, springi baadaye

Umeuliza uanzie wapi kwenye pikapu yako ya zamani yenye breki za ngoma magurudumu yote manne na springi za bapa zinazorusha gari kila inapopita kwenye tuta. Anza na breki, na kabla hata ya kufikiria diski za mbele, angalia masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedeli: pikapu nyingi za Marekani zilizotengenezwa kabla ya 1967 zina ya chumba kimoja, kwa hiyo paipu moja ikipasuka unapoteza breki zote kwa mpigo. Weka ya vyumba viwili.

Ukifunga diski mbele, usibakize masta silinda ya breki za ngoma, kwa sababu vali yake huacha shinikizo la takriban psi 10 (psi ni kipimo cha shinikizo) kwenye paipu, pedi zikabaki zimegusa diski na gurudumu likachemka hata hujakanyaga. Ikiwa masta silinda iko chini ya sakafu, weka vali ya psi 2 upande wa diski, la sivyo mafuta ya breki yatarudi kwenye masta silinda na pedeli itazama. Vali ya kupunguza nguvu ya breki za nyuma nayo ni muhimu, maana pikapu tupu ni nyepesi nyuma na hufunga magurudumu upesi. Pima pia rimu zako, kwani ndogo hukwama kwenye kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski.

Kwa upande wa springi, badilisha bushi (vipande vya mpira kwenye maungio ya springi) na shokapu kwanza. Mara nyingi kinachogonga ni bushi zilizokwisha, wala si springi.