Jibu: Kumchagua mshauri nasaha wa mtoto
Habari dada. Umeuliza utamjuaje mtaalamu anayefaa kumhudumia binti yako wa miaka 7, aliyeshikwashikwa na jamaa yenu, ili jambo hilo lisijirudie. Mimi ni mzazi tu, lakini nimeipita njia hiyo hapa Kenya. Kwanza omba namba yake ya usajili, kwa kuwa sheria ya mwaka 2014 inawataka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe na bodi yao; cheti kilichotundikwa ukutani hakitoshi. Kisha muulize atafanya nini mtoto akimtaja mhusika. Wa kwanza tuliyemwendea alishauri tuyamalize kifamilia, tukaondoka. Wa pili aliketi sakafuni na kalamu za rangi, akasubiri. Iwapo jamaa huyo bado anaingia nyumbani, usingoje miadi: piga leo 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure.