Kabla hujapeleka CV, fungua logibuku yako ya fildi

Wadogo zangu mnaosoma Malimbe, Nyegezi na vyuo vingine vya hapa Mwanza, kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikipokea CV za wanaoomba kazi na fildi (mafunzo kwa vitendo) ofisini kwetu, na kuna jambo linaniuma. Nyingi zimetoka mkono mmoja wa steshenari: mchapakazi, anajituma, anapenda kusoma na kuogelea. Nasoma mpaka chini, na kijana mwenyewe simwoni.

Yangu ya kwanza niliipata vivyo hivyo. Nilikuwa namalizia stashahada ya uhasibu. Nilimpa kijana wa steshenari flashi, akafungua CV ya mtu mwingine, akafuta jina na kuweka langu. Nikaitwa kwenye usaili wa kampuni moja ya minofu ya samaki. Mama aliyeongoza jopo akaniuliza, "Fildi ulifanya kazi gani hasa?" Nikajibu kwamba nilijifunza mambo mengi ya uhasibu. Akauliza tena, kwa upole kabisa, "Kama yapi, binti?" Nikanyamaza. Na kazi nilikuwa nimefanya! Wiki nane nililinganisha leja na taarifa za benki, na kila siku ilikuwa imeandikwa kwenye logibuku na kusainiwa na msimamizi. Lakini logibuku niliikabidhi chuoni, nikaisahau hukohuko. Kwenye CV palikuwa na jina la ofisi na tarehe, basi.

Kazi sikupata. Mama yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Jioni nilipomsimulia, akauliza, "Na daftari langu hukuwaambia?" Tangu kidato cha pili mimi ndiye niliyekuwa naandika daftari lake: magunia yaliyoingia kutoka visiwani, yaliyouzwa, nani kakopa, nani kapunguza deni. Haikuwahi kunijia kwamba hiyo ni kazi ya kuandikwa kwenye CV.

Usiku ule niliandika upya, mwenyewe. Mstari mmoja ulisema nilitunza kumbukumbu za mauzo na madeni ya biashara ya dagaa ya familia, wateja wa mkopo wapatao 40, kwa miaka minne. Kwenye usaili uliofuata, mstari huo ndio waliokaa nao. Mteja asipolipa ulifanyaje? Nikaeleza bila kutafuta maneno: mbalamwezi ikishakuwa kali dagaa hawavuliwi, siku kadhaa biashara inalala, na wakopaji ndipo wanapopotea. Kwa hiyo wenye madeni niliwaandika ukurasa wao, Jumamosi nampa mama orodha, na deni likipita mwezi mtu hapewi gunia jingine. Mzee mmoja wa jopo akaweka kalamu chini akawa anasikiliza tu. Kazi hiyo niliipata.

Ndiyo maana nasema fungua logibuku. Ipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla hujaikabidhi. Halafu kwa kila kazi andika ulifanya nini, juu ya kitu gani, kiasi gani. "Nilisaidia idara ya uhasibu" haimwambii mtu kitu. "Niliingiza ankara 30 kwa siku kwenye mfumo" inamwambia. Usiongeze hata ankara moja, maana utaulizwa.

Kila mstari ulioandika, uwe na kisa chake, na ukisimulie kwa sauti. Hapa nasisitiza: kwa sauti, na kwa Kiingereza pia, kwa sababu sehemu nyingi CV inaandikwa kwa Kiingereza na usaili unaendeshwa hivyo hivyo. Kujua jibu kichwani na kulitoa mdomoni mbele ya watu watano ni vitu viwili tofauti. Mimi na mwenzangu wa hosteli tulikuwa tunasailiana usiku, mmoja kakaa kitandani, mwingine kwenye ndoo iliyofunikwa.

Wadhamini waombe kwanza. Nimewahi kumpigia mhadhiri aliyeandikwa kwenye CV, akaniambia hamkumbuki kabisa mwanafunzi huyo. Mchague anayekufahamu, mtumie CV yako, na ukiitwa kwenye usaili mjulishe.

Na vyeti. Vipange vyote mezani leo: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo, pamoja na kitambulisho cha NIDA, usome majina herufi kwa herufi. Kimoja kikisema Bahati na kingine Bahathi, kamuone wakili mapema, usingoje tangazo litoke. Wanaolenga serikalini, akaunti ya Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, ifungueni mkiwa bado chuoni, mpakie nakala zilizothibitishwa na wakili kadiri mnavyozipata. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hukaa wazi siku chache, na hati za matokeo hazikubaliwi badala ya cheti chenyewe. Kama cheti chako bado kiko shuleni ulikosoma, Geita au Ukerewe, likizo hii ndiyo ya kukifuata.