Wasomaji Wauliza: Kupanda Chogoria Hadi Maziwa ya Mlima Kenya

Barua nyingi za awamu hii zimetoka Kisumu, Nakuru na Kitale, na karibu zote zinauliza njia ya kufikia maziwa yaliyo juu ya msitu wa Mlima Kenya, upande wa Chogoria. Tunaanza na ile inayohitaji jibu refu.

SWALI: Sisi ni walimu wanane. Tuna siku nne katika likizo ya Aprili na tunataka kuona Ziwa Ellis, Ziwa Michaelson na vidimbwi vya Hall Tarns. Zitatosha? Tupange vipi? *Mwalimu, Kisumu*

JIBU: Mwalimu, hazitoshi, na Aprili si mwezi wake. Masika ya Machi hadi Mei huunyeshea zaidi upande wa mashariki na kusini wa mlima, na Chogoria iko mashariki. Barabara ya udongo inayopita msituni kwenda lango la hifadhi huwa utelezi mtupu, hata Land Rover hukwama, na huko juu ukungu hufunika njia mchana kutwa. Hamisheni safari hadi likizo ya Agosti. Kati ya Julai na Septemba mvua hupungua, kama inavyopungua Januari na Februari.

Sasa tuje kwenye siku. Wengi huhesabu kilomita, na kilomita zenyewe si nyingi. Cha kuhesabu ni urefu wa mahali mnapolala. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Lango la Chogoria liko kama mita 2,950, Ziwa Ellis kama 3,450, Ziwa Michaelson karibu 4,000 na Hall Tarns 4,290. Ukishavuka mita 3,000, kanuni ni kutopandisha malazi kwa zaidi ya mita 500 hivi kila usiku. Mkiiweka kanuni hiyo kando ya namba hizo, ratiba inajipanga yenyewe.

Siku ya kwanza ni ya gari tu: Nakuru, Nyahururu, Nanyuki, Meru, kisha Chogoria. Mlale mjini. Siku ya pili mpande hadi langoni, mpige hema hapo, na jioni mtembee kidogo bila mizigo. Mko juu ya ukanda wa mianzi sasa, na miti ya hajenia yenye ndevu za kuvu imeanza. Siku ya tatu mwende Ziwa Ellis, mwendo wa saa nne hadi tano kwa hatua ya polepole. Siku ya nne ni ya kufika Michaelson, na hiyo inakula mchana wote, kwa hiyo mng'oe hema saa kumi na mbili asubuhi. Mawingu huanza kupanda kutoka bondeni saa tano au saa sita, na baada ya hapo hamtaona kitu. Siku ya tano mpande kama mita 300 za mwinuko mkali hadi Hall Tarns, mlale pale au mgeuze. Kushuka hadi mwisho wa barabara ya gari ni kazi ya siku moja.

Kutoka Ellis hadi Michaelson mnavuka kidogo ile kanuni ya mita 500. Basi kama kuna hata mmoja aliyeamka Ellis na kichwa kizito, mlale hapo mara ya pili. Ukiongeza safari ya kwenda na kurudi Kisumu, hiyo ni wiki nzima. Kundi linalobana siku hupanda gari hadi mwisho wa barabara, likatembea moja kwa moja hadi Hall Tarns na kulala mita 4,290 usiku wa kwanza. Hapo ndipo watu hutapika usiku kucha na kuteremshwa kulipopambazuka, bila kuona ziwa hata moja.

Jambo la mwisho kwenu ni ukuta wa mwamba unaoitwa Temple, kati ya Hall Tarns na Ziwa Michaelson. Unaporomoka mita 300 hivi, na ukingo wake ni tambarare, hauna ishara yoyote kabla ya kuufikia. Ukungu ukishuka, kaeni hemani. Asiende mtu kupiga picha.

SWALI: Kila Jumamosi nakimbia hadi ukingo wa Menengai na kurudi. Je, mtu mwenye mazoezi kama mimi bado anaweza kuugua kwa sababu ya urefu wa mlima? *Mkimbiaji, Nakuru*

JIBU: Anaweza, na mara nyingi huwa wa kwanza, kwa sababu miguu yake inamfikisha juu kabla damu yake haijazoea. Ukingo wa Menengai ni mita 2,278. Ukifika mita 4,300, kila pumzi inakuletea karibu asilimia 60 tu ya oksijeni ambayo ungeivuta pwani. Mwili unahitaji siku kadhaa kurekebisha upumuaji na damu, na mazoezi hayafupishi muda huo.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa vipande vipande. Ukizipata, usipande zaidi siku hiyo. Kunywa maji, kula kidogo, meza paracetamol ukitaka, lakini usiitumie ili uendelee kupanda. Dalili zikizidi, shuka. Mtu anayeyumba kama mlevi, anayejibu mambo yasiyoeleweka, au anayehema akiwa ameketi na kukohoa mate yenye povu, ashushwe papo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Kumteremsha kati ya mita 300 na 1,000 humpa nafuu kuliko dawa yoyote. Asiteremke peke yake.

Kuna dawa ya kusaidia mwili kuzoea, asetazolamidi. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Mwone daktari kwanza, na umwambie kama dawa za salfa hukudhuru. Itakufanya ukojoe mara kwa mara na vidole vichomechome kama vimekufa ganzi, hilo lisikutie hofu.

SWALI: Tuna Mlima Elgon mlangoni. Kwa nini tusafiri mbali hivyo? Elgon haina maziwa? *Mama wa Kitale*

JIBU: Mama, ina vidimbwi vichache huko juu, lakini haina mlolongo wa maziwa. Kileleni kuna tundu kubwa la volkano, na mtu angetarajia lijae maji. Halijai kwa sababu ukuta wake umevunjika upande mmoja, na Mto Suam unatoka hapo ukielekea Turkwel. Maziwa ya Mlima Kenya yalitengenezwa na barafu: iliteremka bondeni ikikwangua mwamba, ikaacha mashimo nyuma na mabwawa ya kifusi mbele. Ziwa Michaelson limelala ndani ya bonde lililochimbwa hivyo.

Hata hivyo msiiache Elgon. Kwenu ndilo darasa bora la kujipimia kabla ya Chogoria. Kilele cha Koitoboss kina urefu wa karibu mita 4,200, na njia ya kukifikia hupita msitu, mianzi, kisha nyika ya lobelia na senesio, mimea ileile ya ukoo mmoja na ile ya Mlima Kenya. Pelekeni viatu, mahema na jiko huko, mwone kinachovuja. Huko mvua hukatika zaidi Desemba hadi Machi. Mkipita kwenye pango la Kitum wanamoingia ndovu kukwangua chumvi, msiguse popo wala kinyesi chao. Wagonjwa wawili wa virusi vya Marburg, virusi hatari vinavyobebwa na popo, mwaka 1980 na 1987, walikuwa wamelitembelea.

SWALI: Tutapika nini, na maji ya maziwa yananyweka? *Kikundi cha vijana, Bungoma*

JIBU: Maji yanaonekana safi kama kioo na hayaaminiki, hasa Hall Tarns, ambako watu wamekuwa wakipiga kambi miaka mingi. Yachemsheni hadi yatokote, mwache yatokote dakika tatu. Mkitumia klorini, kumbukeni kwamba baridi huipunguza kasi. Subirini mara mbili ya muda ulioandikwa kwenye chupa. Hesabuni lita tatu kwa kila mtu kwa siku. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo bebeni za chuma au zile ngumu za kujaza tena.

Kuhusu chakula, yaacheni maharagwe makavu na githeri nyumbani. Kwenye mita 4,200 maji huchemka kwa nyuzi 86 hivi, na maharagwe yatatokota hadi gesi iishe yakiwa bado magumu. Ugali unaiva, ila uupe muda. Chapati za kupika nyumbani, njugu karanga, omena iliyokaangwa ikakauka, uji wa wimbi na sukari nyingi, hivyo ndivyo vinavyobebeka na kulika hata tumbo likikataa. Usiku weka mtungi mdogo wa gesi ndani ya mfuko wako wa kulalia, la sivyo asubuhi gesi iliyopoa kwa baridi haitatoka vizuri na utadhani imeisha. Kuni hazikatwi hifadhini.

SWALI: Blanketi mbili na gambuti zitatosha? *Kijana, Kakamega*

JIBU: Gambuti zinafaa kwenye matope ya chini, lakini juu zitakuchubua visigino na hazishiki mwamba. Tafuta viatu vya ngozi vinavyofunika kifundo, hata vya mitumba, uvivae mwezi mzima kabla. Blanketi hazitoshi. Usiku maji yaliyo ndani ya majani ya lobelia huganda juu, nawe utaganda. Tafuta mfuko wa kulalia unaostahimili nyuzi 5 hadi 10 chini ya sifuri, na mkeka wa povu wa kutandika chini, maana ardhi hukunyonya joto kuliko hewa. Boshori, glavu, koti la mvua, tochi ya kichwani, na soksi kavu za kulalia tu.

SWALI: Kuna nyati msituni? Na tukifika ziwani, tunaweza kuoga? *Dada wawili, Nakuru*

JIBU: Nyati wapo, na ndovu pia, hasa kwenye mianzi ambako hamuoni mbele hatua kumi. Tembeeni na mwongozaji, baada ya jua kutoka, mkizungumza kwa sauti ya kawaida ili mnyama awasikie mapema na kuondoka. Mkimkuta nyati njiani, simameni, rudini nyuma taratibu, msimpigie kelele.

Kuoga ziwani tunawakataza. Maji yale hukata pumzi ghafla, na anayeogelea huzama karibu na ukingo kabla wenzake hawajavua viatu. Chota kwa sufuria, upashe moto, uoge hatua mia moja mbali na ziwa, bila sabuni. Choo nacho kichimbwe umbali huohuo, kina cha sentimita 15, kisha kifukiwe. Karatasi mrudi nazo kwenye mfuko.