Mapenzi ya muziki yana vikao vyake

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mtu ambaye kazi inambana, sanaa anayoipenda inamdai nini zaidi ya kuifurahia?" Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani, na muziki wa klasiki nimeupenda tangu utotoni. Jibu langu: inamdai aingie kwenye bodi ya okestra, yaani kundi kubwa la wapigaji wa ala, na akae kikao mpaka mwisho.

Udaktari na muziki huu ni ndugu wa siku nyingi. Daktari Leopold Auenbrugger ndiye aliyetufundisha, katika kitabu chake cha mwaka 1761, kugonga kifua cha mgonjwa na kusikiliza. Mpaka leo nafanya hivyo. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto nakilaza kati ya mbavu, nakigonga kwa ncha ya kidole cha mkono wa kulia, kisha nashuka taratibu. Penye hewa sauti inavuma. Penye maji inakufa ghafla, butu kama umegonga paja. Auenbrugger huyohuyo aliandika maneno ya opera (mchezo wa kuimbwa) moja ya mtunzi Antonio Salieri, na mimi sioni ajabu: sikio ni lilelile.

Ninayemtazama zaidi, hata hivyo, ni Theodor Billroth, daktari wa upasuaji wa Vienna, ambaye mwaka 1881 alifanikiwa kuondoa sehemu ya mfuko wa chakula wa mgonjwa wa saratani, jambo ambalo waliomtangulia hawakuliweza. Alipiga piano na viola, ndugu mkubwa wa fidla. Mtunzi Johannes Brahms alimtunukia kwateti mbili za nyuzi, yaani tungo za wapigaji wanne, na sebuleni kwa Billroth kazi za Brahms zilipigwa mbele ya marafiki. Hakuishia kupiga makofi. Alitoa nyumba yake.

Siku hizi sebule haitoshi. Mwaka 1966 wachumi William Baumol na William Bowen walieleza kwa nini. Kiwanda kikipata mashine mpya, watu wachache huzalisha vingi zaidi. Kwateti ya Beethoven haina njia hiyo ya mkato: inataka wapigaji wanne na muda uleule kama enzi zake, ilhali mpigaji naye lazima alipwe kulingana na maisha ya leo. Ndiyo maana tiketi peke yake hazilipi okestra, hata ukumbi ukijaa. Pengo hilo lazima mtu alishike mkononi, alihesabu, aliombee fedha. Hiyo ndiyo kazi ya bodi.

Kazi yenyewe haina shangwe. Bajeti ikibana, kalamu hukimbilia kukata mazoezi na kurekebisha sauti za piano, kwa sababu kwenye karatasi vinaonekana vidogo. Hapo nasema, na nasema kwa nguvu. Okestra iliyonyimwa zoezi moja husikika: fidla hazianzi pamoja, wapiga honi, zile tarumbeta za kujikunja, wanaingia kwa woga. Nasema pia mchango uliotolewa kwa ajili ya kufundisha watoto unapotaka kuchotwa ulipe mishahara ya mwezi huu. Uzoefu wa wodini unanisaidia hapa, kwani nimezoea kusoma tarakimu zisizopendeza na kuzitaja mbele ya watu bila kuzipaka sukari.

Kuchagua kitakachopigwa si kazi yetu. Ni ya mkurugenzi wa muziki. Natamani Brahms kila msimu, lakini mjumbe wa bodi anayepanga programu anavuruga kazi ya watu wanaoijua. Na mgonjwa wangu simwombi mchango kamwe, hata awe tajiri kiasi gani. Anayesubiri majibu ya vipimo kutoka kwangu hana uhuru wa kunikatalia.

Madaktari vijana wanaopenda muziki huniambia wataingia kwenye bodi wakistaafu. Naomba wasingoje. Waanze na kamati ya fedha, ambayo wengi huikwepa, kwa kuwa mara nyingi humo ndimo hujulikana kwanza kama msimu ujao utakuwepo.