Markdown ni rahisi, lakini inahitaji kanuni rasmi

Ndugu, umeuliza kwa nini Markdown, namna ya kupanga maandishi kwa alama za kawaida, iandikiwe kanuni rasmi wakati ni nyota (*) na alama za reli (#) tu. Kwa anayeandika ni rahisi kweli. Tabu humpata anayetengeneza programu ya kuisoma.

Chukua jina la faili kama ripoti_ya_mwezi. Programu ya kwanza ya John Gruber, mbunifu wa Markdown, ya mwaka 2004, iliyoandikwa kwa lugha ya Perl, ingeona mistari miwili ya chini (_) na kuliandika neno "ya" la katikati kwa herufi za mlazo. Programu inayofuata CommonMark, yaani kanuni hizo rasmi, inaliacha jina lilivyo. Maandishi ni yaleyale, matokeo mawili! Orodha iliyo ndani ya orodha ndiyo balaa zaidi: unasogeza nafasi mbili au nne? Maelezo ya Gruber yaliacha mambo mengi ya namna hiyo wazi, kila mtengenezaji akajaza mapengo kwa akili yake, na wewe ukihamisha makala kutoka mahali pamoja kwenda pengine unakuta orodha imevurugika.

Ndiyo maana mwaka 2014 John MacFarlane na wenzake walitoa CommonMark. Ninachokipenda mno ni mifano yake zaidi ya 600, kila mmoja ukionyesha maandishi na HTML (lugha ya kurasa za wavuti) inayotakiwa kutoka, kwa hiyo unaipima programu yako moja kwa moja badala ya kubishana. Kama unajiandikia madokezo yako tu, huhitaji kuisoma. Ila ukianza kuandika kisomaji chako, anza na mifano hiyo.